Kukosa ukabila si kukosa hatari

Ndugu Mhariri,

Makala ya maoni mliyoichapa wiki iliyopita ilihitimisha kwamba Nyanda za Juu Kusini za Tanzania haziwezi kuona yaliyoikuta Rwanda kwa kuwa huku hakuna ukabila. Mwandishi amepatia nusu. Kuanzia Tunduma hadi Makambako watu wanaoana, wanataniana misibani na kuzikana bila kuulizana kabila. Nusu aliyoikosa ndiyo nzito. Utani humzuia jirani asimchinje jirani. Haumzuii ofisa aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwenye amri mfukoni, mafuta kwenye magari na watu 40 nyuma yake. Ghasia za majirani na uhalifu wa dola dhidi ya raia ni magonjwa mawili tofauti, na hakuna anayepima malaria kwa kipimo cha kifua kikuu.

Sheria yenyewe inasema hivyo. Ibara ya 7 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, uliopitishwa Julai 17, 1998 na kuanza kutumika Julai 1, 2002, inaeleza uhalifu dhidi ya binadamu: shambulio lililoenea au lililoratibiwa dhidi ya raia, linalofuata sera ya dola au ya kundi lililojipanga. Soma ibara yote: hutakuta sharti la kabila, hutakuta sharti la vita, wala idadi ya chini ya maiti. Kuhamisha watu kwa nguvu kinyume cha sheria kumo. Mateso yamo. Kuwapoteza watu kumo. Mauaji ya kimbari ndiyo yanayodai nia ya kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, na katika makundi hayo manne wapinzani wa kisiasa hawamo, wala wafugaji kwa ufugaji wao. Mpimaji wa hatari ya uhalifu wa namna hii anayeingia wilayani akitafuta dalili za kimbari peke yake ataondoka ameandika "hatari ndogo", na atakuwa amejibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.

Historia ya ukanda huu haimsaidii mwandishi wenu. Mauaji makubwa kuliko yote yanayojulikana kusini mwa nchi hii yalifanywa na serikali, ile ya Wajerumani, wakati wa Maji Maji kati ya 1905 na 1907, na kilichoua wengi hakikuwa bunduki. Ungoni, Ubena na Upangwa vihenge vilichomwa, mashamba yakaharibiwa, mifugo ikachukuliwa. Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba mapigano peke yake ni tone baharini, na kwamba njaa na dhiki ndivyo vitakavyowatiisha watu. Serikali ya kikoloni ilikubali vifo vipatavyo 75,000. Wanahistoria wengi hutaja kati ya 200,000 na 300,000. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea Novemba 1, 2023. Kwa anayefanya tathmini, funzo hapo ni la kiufundi: usihesabu maiti tu, hesabu na magunia na ng'ombe. Chakula kikianza kuteketezwa au kutaifishwa kwa wingi, vifo huja miezi kadhaa baadaye, vikiwa vimevaa jina la kuhara au nimonia, na hakuna atakayeviunganisha na ile operesheni.

Vuka mpaka uone. Mwaka 1964, miezi michache kabla ya uhuru wa Zambia, wafuasi wa kanisa la Lumpa la Alice Lenshina huko Chinsali walijitenga katika vijiji vyao, wakavizungushia maboma, wakakataa kadi za chama na kodi. Walipewa siku chache tu wavihame. Mwishoni mwa Julai askari waliingia, na hadi Oktoba watu zaidi ya 700 walikuwa wamekufa. Ugomvi ulikuwa umeanza kati ya Wabemba kwa Wabemba. Upande wa Kasumulu, Malawi iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu kwa maelfu walikimbilia Zambia baada ya kupigwa na kuchomewa nyumba kwa kosa la kukataa kununua kadi ya chama. Katika matukio yote mawili ungeuliza kabila la mtu usingeambulia kitu. Ungeuliza kadi yake.

Burundi ya 1972 kabila lilikuwamo, hilo hatulikatai. Lakini angalia vifaa: baada ya uasi wa Aprili 29, dola ilitumia orodha za watu maofisini na mashuleni, malori ya kuwasomba na vijana wa chama tawala. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000, wasomi wa Kihutu wakiwa wa kwanza. Walioponyoka walipokelewa huku Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wazee wa makazi hayo wanaweza kumweleza mwandishi wenu kwamba kilichowatisha kilikuwa lori lililosimama mbele ya shule, kuliko matusi ya jirani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana kulaumu makala ni rahisi kuliko kupima.

Dereva wa lori anayeshuka Kitonga anajua tofauti ya mteremko, breki na kona. Mteremko upo leo na utakuwapo kesho: ukatili wa nyuma ambao haukuadhibiwa, mpaka wa ardhi wenye utata, chombo chenye silaha ambacho hakuna anayekikagua. Breki ni Bunge, mahakama, waandishi, maaskofu na masheikh, na mara nyingine ofisa mmoja mwenye msimamo. Kona ni uchaguzi, notisi ya kuhama, askari mmoja kuuawa. Tathmini nyingi tunazozisoma zimejaa kona. Zinaorodhesha matukio ya mwezi uliopita kama daftari la kituo, na hazina ukurasa hata mmoja wa kuangalia breki.

Umoja wa Mataifa ulitoa mwaka 2014 mwongozo wa uchambuzi wenye vigezo 14. Vigezo 8 ni vya uhalifu wote mkubwa kwa pamoja. 6 ni mahususi, viwili kwa mauaji ya kimbari, viwili kwa uhalifu dhidi ya binadamu na viwili kwa uhalifu wa kivita. Ni mwongozo mzuri na unaharibiwa kila mara kwa namna ileile: mtu anatoa alama 0 hadi 5 kwa kila kigezo, anajumlisha, anapata 31 kati ya 70, anaandika "hatari ya wastani". Jumla hiyo haina maana yoyote. Wilaya yenye uwezo wa kijeshi wa 5, breki 0 na nia 1 ni ya hatari kuliko yenye 3 kila mahali, kwa sababu nia hubadilika kwa kikao kimoja cha asubuhi. Andika safu nne na uziache zisimame peke yake: nia, uwezo, fursa, breki. Chini ya kila safu andika ushahidi, tarehe ya ushahidi, na kitu gani kikitokea utabadili maoni. Hicho cha mwisho watu hukiruka, na ndicho kinachotofautisha tathmini na mhadhara.

Kabla ya safu, swali. Liandike kwa sentensi moja yenye kundi, chombo, mahali na muda: "Katika miezi 12 ijayo, kuna uwezekano gani kwamba chombo fulani kitatumia nguvu za kuua au kuhamisha watu, kwa kurudiarudia, dhidi ya kundi fulani katika wilaya fulani?" Swali lisilo na muda haliwezi kukosolewa, na lisiloweza kukosolewa halina kazi. "Tanzania iko salama?" si swali la tathmini, ni la kijiweni.

Tuchukue Usangu, bonde la Mbarali mkoani Mbeya, kama mfano wa kufanyia hesabu, bila kusema kwamba yaliyotokea huko ni uhalifu wa Ibara ya 7. Kupima hatari si kutoa hukumu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhioevu ya bonde hilo, na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais aliunda tume ya kuchunguza. Kisha likaja Tangazo la Serikali Na. 28 la mwaka 2008, lililopanua Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuviweka vijiji vya Mbarali ndani ya mstari. Aprili 2024 Benki ya Dunia ilisitisha fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini, kutokana na malalamiko ya wananchi kuhusu ukatili na uporaji wa mifugo, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa.

Mpimaji anasomaje hayo? Kwenye safu ya nia anatafuta maneno ya mikutano rasmi, neno kwa neno na tarehe. Mtu anayeitwa "mwananchi wa kijiji" mwezi Machi, "mfugaji" mwezi Juni na "mvamizi" mwezi Septemba hajahama hata hatua moja. Kilichohama ni ulinzi wake. Mabadiliko ya jina kwenye mihtasari ya vikao yana uzito kuliko hotuba kali ya siku moja, kwa sababu muhtasari ndio unaogeuka kuwa amri. Angalia pia kama kundi hilo linaanza kuulizwa uraia. Kwenye uwezo anahesabu magari, mgao wa mafuta, kuitwa kwa mgambo, askari walioletwa kutoka nje ya mkoa na muda waliopangiwa kukaa. Kikosi chenye posho ya siku tatu na kikosi chenye posho ya siku 45 havina kazi moja.

Kwenye fursa kuna kipimo kimoja tunachokipenda kwa sababu hakihitaji siri ya mtu. Kundi la ng'ombe likiswagwa hutembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku, pungufu likiwa na ndama, na hapo maji na malisho yawepo njiani. Notisi ya siku 14 ni kilomita 210 hadi 280 kwa makadirio ya juu. Pima kwenye ramani kutoka kijijini hadi mahali walipoambiwa waende. Njia ikiwa kilomita 600 na notisi ni siku 14, basi aliyeandika notisi hiyo amekwishapanga nguvu, ajue asijue. Fanya hivyohivyo kwa mpunga: notisi inayoisha wiki tatu kabla ya mavuno ni notisi ya kupoteza mavuno. Uliza kama amri ipo kwa maandishi na imesainiwa na nani. Amri ya mdomo inayotekelezwa na watu wenye silaha ni dalili mbaya peke yake, hata kabla ya kujua inasema nini.

Breki zinataka uangalifu zaidi. Kuwapo kwa mahakama si breki. Breki ni muda unaopita kati ya kifo na mtu kusimama kizimbani. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa na polisi Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, mchana, mbele ya kamera. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka Julai 2016, askari mmoja akafungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hukumu ilipatikana, na wapo majirani zetu wasioweza kusema hivyo. Lakini ni karibu miaka minne kwa kifo kilichopigwa picha, na aliyehukumiwa ni mtu wa chini kabisa katika mnyororo wa amri. Linganisha na Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili: ilianza Oktoba 2013, ikasimamishwa mwanzoni mwa Novemba baada ya wabunge kupiga kelele, na Desemba 20 mawaziri wanne walikuwa wameondoka. Hiyo ilikuwa breki iliyoshika. Ilishika kisiasa, tuongeze. Kumwondoa waziri si kumshtaki aliyetesa. Na katika Usangu jiulize breki ipi imebaki: mkopeshaji, yaani Benki ya Dunia, alipokuwepo wananchi walikuwa na dirisha la malalamiko nje ya nchi, na fedha zikiondoka dirisha hilo nalo linapoteza nguvu yake.

Kuna breki moja ambayo haimo kwenye fomu nyingi, nayo ni uhamisho. Kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilizosikilizwa Arusha zilileta ushahidi wa kutosha. Katika wilaya ya Taba, Jean-Paul Akayesu, mkuu wa wilaya hiyo, alizuia mauaji kwa siku zaidi ya kumi za mwanzo wa Aprili 1994. Aprili 18 aliitwa kwenye kikao cha viongozi Murambi. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, na Septemba 2, 1998 akawa mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Mkoani Butare, ambako mkuu wa mkoa alikuwa amekataa mauaji, aliondolewa madarakani Aprili 17. Siku mbili baadaye mrithi wake alisimikwa kwa hotuba ya rais wa serikali ya mpito, na mauaji yakaanza. Kwa hiyo ukiona mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya (OCD) na mhifadhi wamebadilishwa ndani ya wiki sita kuelekea operesheni, usiandike "mabadiliko ya kawaida" mpaka umeuliza waliotoka walikuwa wamekataa nini. Mara nyingi yatakuwa ya kawaida kweli. Uliza hata hivyo.

Vyanzo. Kila taarifa ipewe alama mbili zisizochanganywa: herufi A hadi F kwa mtoa habari, namba 1 hadi 6 kwa habari yenyewe. Mtu mwaminifu huweza kuleta uvumi, na mwongo huweza kuleta kweli. Ukitumia alama moja, sifa ya mtu inameza ubora wa habari. Vyanzo vitatu vinavyojitegemea maana yake ni watu watatu walioona, si kundi moja la WhatsApp lililosambaza ujumbe mmoja mara tatu. Angalia upendeleo wa barabara: mpimaji asiye na gari la kwenda mashamba ya ndani atapata matukio ya Igawa, Chimala na Ubaruku tu na ataona wilaya yenye vurugu za barabarani. Kimya nacho ni taarifa. Kijiji kilichokuwa kinaleta malalamiko matano kwa mwezi kikiacha ghafla, kuna mambo mawili: yametatuliwa, au watu wameonywa. Zahanati husaidia kutofautisha. Mganga haulizwi majina. Anaulizwa idadi ya majeraha ya risasi na ya kipigo kwa mwezi, na wangapi walikuja bila PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha. Watu wanaoogopa kwenda kituoni kuchukua fomu hiyo wanatueleza ni nani wanayemwogopa. Gari lisilo na namba na "watu wasiojulikana" navyo viandikwe kwa saa, mahali na mwelekeo, si kwa kisio la nani aliwatuma.

Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na mfumo uliopo. Taarifa za tahadhari hupanda kutoka kwa mtendaji wa kijiji kwenda kata, tarafa, hadi Kamati ya Usalama ya Wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Kwa wizi wa mifugo, kwa ugomvi wa mkulima na mfugaji, kwa waganga wapiga ramli chonganishi, njia hiyo inafanya kazi. Kwa hatari inayotoka kwenye dola yenyewe ni kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani. Kukosa habari hakukuwa tatizo hata Rwanda. Redio RTLM, iliyochochea chuki dhidi ya Watutsi, ilikuwa hewani tangu katikati ya 1993. Vibali vya kuingiza mapanga tani 581 kati ya Januari 1993 na Machi 1994 vilikuwa kwenye makabrasha. Januari 11, 1994 Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alituma makao makuu New York ujumbe kwamba mtoa habari wake ameamriwa kuwaorodhesha Watutsi wote wa Kigali. Kilichokosekana ni mpokeaji aliyekuwa na wajibu wa kujibu. Kwa hiyo kila tathmini iwe na njia ya pili iliyoandikwa mapema. Hapa nchini ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na ipo Kamati ya Taifa ya kuzuia mauaji ya kimbari iliyoundwa 2012 chini ya itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya 2006. Nje ipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul. Mahakama ya Afrika iko Arusha, mwendo wa basi tu, lakini mwananchi hawezi tena kuifikia moja kwa moja kwa kesi mpya: Tanzania ilijiondoa Novemba 2019 kwenye tamko lililompa mwananchi ruhusa hiyo, na likakoma mwaka mmoja baadaye. Chuo kama Mzumbe Ndaki ya Mbeya au Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha (RUCU) cha Iringa kingeweza kutunza nakala za tathmini hizi nje ya ofisi za wilaya. Haitagharimu zaidi ya kabati lenye kufuli na mtu anayejua kunyamaza.

Kunyamaza si jambo dogo. Orodha ya walio hatarini ni orodha ya kuwindia ikiangukia mkono usiofaa. Usiandike majina, tumia namba, na ufunguo wa namba hizo ukae kwenye daftari lingine, nyumba nyingine, kwa mtu mwingine. Usiandike kabila la mtu isipokuwa swali lako linalihitaji, na kwa kawaida huku halilihitaji. Picha ya simu hubeba mahali na saa ilipopigwa. Zima huduma ya mahali kwanza. Na usitegemee simu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima, na kila aliyekuwa amepanga kutuma taarifa kwa mtandao alibaki na simu mkononi kama jiwe. Hatuingii hapa katika idadi ya waliokufa siku zile. Jambo hilo limeundiwa tume. Tunasema tu kwamba daftari la karatasi, kalamu ya wino, nakala mbili na mtu wa pili aliyeshuhudia na kusaini kila ukurasa vingefanya kazi siku ile kama siku nyingine yoyote. Ukurasa uwe na siku, saa, mahali, chombo, namba za magari, silaha zilizoonekana, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kilichoharibiwa kwa idadi, na mstari wa mwisho unaosema: niliona mwenyewe, au niliambiwa.

Mtasema tunatisha watu. Hesabu inatulinda. Mauaji makubwa ya raia yanayoanza upya duniani ni machache, kwa kawaida moja au mawili kwa mwaka kati ya nchi zaidi ya 160. Mtafiti Barbara Harff alipochunguza mwaka 2003 migogoro 126 ya kuanzia 1955 hadi 1997, vigezo vyake sita vilipambanua vizuri karibu robo tatu ya kesi, na huyo alikuwa akitazama nyuma, akiwa na majibu mkononi. Jumba la makumbusho ya Holocaust, mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, la Washington hutoa orodha ya nchi kila mwaka kwa kigezo cha raia 1,000 kuuawa ndani ya mwaka mmoja, na nchi nyingi zilizo juu ya orodha humaliza mwaka bila hilo kutokea. Kigezo hicho, kwa njia, hakifai wilayani: wilaya ingeweza kupoteza watu 300 na bado iandikwe sifuri. Tahadhari isiyotimia ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii. Kwa sababu hiyo andika kwa viwango, "uwezekano mdogo", "wa kati", "mkubwa", na kando yake kiwango cha uhakika wako, maana "uwezekano mdogo, uhakika mdogo" ni kauli tofauti kabisa na "uwezekano mdogo, uhakika mkubwa". Makala yenu iliandika ya pili ikiwa na ushahidi wa ya kwanza.

Rudia tathmini kila robo mwaka. Operesheni ikitangazwa, kila wiki. Miezi sita kabla ya uchaguzi, kila mwezi. Na toleo la zamani lisifutwe: weka tarehe, liache na makosa yake, kwa sababu mpimaji asiyeona alikosea wapi Januari atakosea hapohapo Julai.

Mwisho ni sahihisho moja. Makala ilidai kwamba Tanzania haikuwahi kujiunga na Mkataba wa 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Ilijiunga Aprili 5, 1984, na Mkataba wa Roma iliuridhia Agosti 20, 2002.

Wasomaji wenu,
Mbeya na Iringa